Choo Kimoja, Matumbo Kumi na Moja

Pilau ya harusi haina kosa siku ya harusi. Makosa huanza usiku, wageni wakishatawanyika, pale Bibi anaposimama juu ya sufuria lililobaki nusu na kutoa hukumu kwamba riziki haimwagwi. Siku alipoolewa binti wa Shangazi yalibaki masufuria mawili: moja la pilau, la pili la mchuzi wa nyama ya ng'ombe. Friji letu pale Ngamiani, Tanga, lilijaa soda na keki, na hata lingekuwa tupu, sufuria la wapishi wa shughuli halipiti mlangoni mwake. Bibi akayafunika yote mawili, akayarudisha juu ya mafiga penye majivu yenye moto kidogo. Alisema yalale hapo, yasipoe sana.

Asubuhi, saa moja, kiporo cha pilau kikakaangwa upya, kikanukia kuliko jana yake. Wengine, hasa wanawake wa jikoni, hawakutaka wali tena. Wao walichovya mkate wa kumimina kwenye ule mchuzi. Ilipofika saa nne fundi cherehani, mpangaji wetu wa chumba cha mbele, akaiacha suruali ya mteja chini ya sindano akakimbilia uani. Hakufika. Akafuata Shemeji, kisha vijana wawili waliokuja na basi kutoka Korogwe kwa ajili ya harusi. Kufikia adhuhuri ukumbi wote ulitandikwa mikeka, na kila mkeka una mtu na beseni lake.

Bibi hakuhitaji vipimo. "Kijicho," alisema. Alikuwa na orodha ya wageni watatu waliomsifia bibi harusi bila kusema mashallah, na akaagiza ubani.

Sasa yafaa nieleze habari ya choo. Nyumba yetu ni ya Kiswahili: ukumbi katikati, vyumba huku na huku, uani jiko, kisima kilichokauka na choo. Choo ni kimoja, na siku hiyo bomba halikutoa maji tangu alfajiri. Zamani kilikuwa cha kuchuchumaa. Magoti ya Shangazi yalipoanza kulalamika, wanawe wakamwekea cha kukaa, chenye mfuniko wa rangi ya waridi. Na hapo ndipo alipokuwa Shangazi saa ile matumbo yalipofunguka, mlango ameutia komeo.

"Hodi!"

"Kuna mtu."

"Shangazi, tafadhali."

"Ndiyo kwanza nakaa."

"Shangazi, umo humo tangu adhana."

Maana matatizo ya Shangazi yalikuwa kinyume na ya nyumba nzima. Tangu vikao vya harusi vianze aliishi kwa chai, maandazi, wali na nyama. Mchicha aliuona ni chakula cha siku zisizo na shughuli. Maji aliyaepuka makusudi, asije akabanwa na haja katikati ya kikao watu wakamjadili yeye. Magoti yakamuuma, jirani akampa vidonge vyenye kodeini. Kodeini hupooza mwendo wa utumbo. Kinyesi kikikawia ndani, utumbo mpana huendelea kufyonza maji yake, na kadiri kinavyokauka ndivyo kinavyozidi kukawia. Waganga wa hospitali huita hali hiyo kufunga choo pale mtu anapokwenda haja kubwa chini ya mara 3 kwa wiki, au anapokwenda kwa kujikamua. Shangazi alikuwa na yote mawili. Basi asiyepata choo akawafungia mlango wasioweza kukizuia, na fundi cherehani, ambaye hulipa kodi kwa wakati na hapendi watu wasahau, akawa anapiga ngumi mlango akiutaja mkataba wa pango.

Shangazi alipotoka alikuja na mkebe wake wa biskuti. Humo hukaa masalia ya magonjwa yote yaliyowahi kupita nyumbani: vidonge kadhaa vya metronidazo, ile wengi waiitayo flajili, amoksilini za mtoto aliyekwisha kuwa mtu mzima, magnesiamu za kutafuna, vidonge vya kufunga tumbo, na vingine vyeupe visivyo na jina. Akaanza kugawa kama sadaka. Kila mtu alipata flajili moja, kwa kuwa flajili, kwa imani ya Shangazi, hutafuta ugonjwa yenyewe. Shemeji, ambaye kabla ya kutapika alikwishakuwa na kiungulia cha kulala chali mara baada ya sahani mbili za pilau, akatafuna magnesiamu kipande kizima. Shangazi mwenyewe, ili asionekane anawapa watu asichokitumia, akameza cha kufunga tumbo.

Alasiri akaingia Daktari. Kazini ni tabibu wa zahanati moja upande wa Muheza. Nyumbani ni binti wa Ami, na tunamwita Daktari tangu alipofaulu kidato cha nne. Alilala kwa rafiki yake usiku ule, kwa hiyo kiporo hakikumjua. Akamwamkia Bibi, akausogeza ubani, akaketi katikati ya ukumbi na kuanza kuhoji kama hakimu wa mahakama ya mwanzo. Ulikula nini? Saa ngapi? Ulianza saa ngapi? Kutapika au kuendesha?

Majibu yalijipanga yenyewe. Wa pilau walianza kutapika ndani ya saa tatu au nne. Wa mchuzi walikuwa wazima hadi alasiri, ndipo wakaanza msokoto wa tumbo na kuharisha, bila homa.

"Bibi, hapa hakuna kijicho," alisema. "Hapa pana masufuria mawili na wadudu wawili."

Mchele, akaeleza, huja jikoni na chembe za bakteria aitwaye Bacillus cereus. Kuchemsha hakuziui zile chembe, kunazishtua tu. Wali ukikaa usiku kucha katika uvuguvugu zinaamka, zinazaana, na zinatoa sumu ya kutapisha. Ukikaanga asubuhi utamuua bakteria, lakini sumu yake haina habari na moto wako: hata maabara wakiichemsha kwa nyuzi 121 kwa saa moja na nusu, inatoka nzima. Humshika mtu kati ya saa 1 na 6 baada ya kula. Mchuzi wa nyama katika sufuria kubwa una wake, Clostridium perfringens, apendaye vyungu vizito visivyopoa upesi. Huyo hungoja mpaka afike utumboni, ndiyo maana huchukua saa 6 hadi 24, akatia msokoto na kuharisha, kisha mara nyingi huondoka kabla ya siku kuisha. Hatari iko kati ya nyuzi 5 na 60. Majivu ya Bibi yalikaa humo humo usiku mzima.

"Kwa hiyo flajili?" aliuliza Shangazi.

"Flajili huua amiba na jiadia, Shangazi. Hawa wametiwa sumu. Sumu haiuliwi."

Akakagua mkebe, akaguna. Magnesiamu hulegeza choo, na alikuwa ameitafuna mtu anayeharisha. Cha kufunga tumbo alikuwa amekimeza mtu aliyefunga tayari. Vidonge viwili vimebadilishana wagonjwa, alisema, na akamtuma kijana dukani kununua papai, ukwaju na maji ya kutosha kwa Shangazi, pamoja na amri ya kuachana na kodeini za jirani. Akamwambia pia aweke kibao chini ya nyayo anapokaa kwenye kile choo chake cha waridi, magoti yapande juu ya nyonga. Mtu akikaa wima kuna msuli unaolikunja bomba la mwisho la utumbo, akichuchumaa unalegea. Shimo walilolifukia kwa gharama lilikuwa linamsaidia bure. Mimi nilikuwa nimeshika tochi karibu na Shangazi, na nawaambia hakuipenda ile habari.

Shemeji alipewa maneno machache: asilale kabla ya saa mbili tatu kupita tangu kula, ainue upande wa kichwani wa kitanda, apunguze sahani na sigara. Kati ya umio na tumbo pana mlango unaopaswa kufunga. Tumbo likijaa mno na mtu akilala, asidi hupanda. Alikubali yote. Bado hulala chali.

Aliyemtia Daktari wasiwasi wa kweli alikuwa mjukuu wa Shangazi, mtoto wa miaka mitatu. Aliharisha mara nyingi, na Bibi alikuwa ameagiza asipewe maji, kwani kila akinywa yanatoka. Ni imani iliyoenea pwani na bara, na ukiitazama kwa macho tu ina mantiki: kinachoingia kinatoka, basi funga kinachoingia. Daktari akavuta kwa vidole ngozi ya tumbo la mtoto na kuiachia. Ilirudi, lakini kwa kusitasita. Machozi yalikuwepo bado, kidogo. Akasema tuna muda, ila si mwingi.

Duka la dawa la karibu lilikuwa limefungwa, kwa hiyo alitengeneza mwenyewe: lita 1 ya maji yaliyochemshwa na kupozwa, vijiko vya chai 6 vya sukari, na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vimesawazishwa kwa kisu. Shangazi akataka kuongeza chumvi "ipate nguvu", akazuiwa mkono. Chumvi ikizidi inamdhuru mtoto. Sukari ikizidi inavuta maji kuyaingiza utumboni na kuharisha kunaongezeka, na hiyo ndiyo sababu soda si dawa ya kuharisha hata kama mgonjwa anaitaka sana. Zikiwa kwa kipimo, sukari na chumvi huingia mwilini zikiwa zimeshikana mkono, kwenye mlango wa utumbo ambao kuharisha hakuufungi, na maji hufuata nyuma yao.

Bibi alikuwa bado hajaridhika, kwa hiyo Daktari akampa kisa. Mwaka 1971, wakati wa vita vya kuzaliwa Bangladesh, wakimbizi walikimbilia Bangaon, India, na kipindupindu kikaingia kambini. Dripu zikaisha. Daktari mmoja, Dilip Mahalanabis, akachanganya chumvi na glukosi kwenye mapipa, akawaachia ndugu wa wagonjwa wawanyweshe wenyewe kwa vikombe. Kambini walikuwa wakifa kama 30 katika kila 100; miongoni mwa waliotunzwa kwa maji yale vifo vikashuka hadi chini ya 4.

"Ndugu wenyewe? Si manesi?" aliuliza Bibi.

"Ndugu wenyewe."

Basi Bibi akakitwaa kikombe, akakaa na kitukuu chake usiku ule wote. Alimpa kati ya mililita 100 na 200 kila alipoharisha, kwa kijiko. Akitapika anangoja dakika 10 anaanza tena taratibu. Asubuhi tukapata pakiti za ORS na vidonge vya zinki, miligramu 20 kwa siku, siku 10 hadi 14, hata kama mtoto amepona kabla. Bibi alivisimamia vyote kwa ukali. Lau tungeona damu katika kinyesi chake, macho yamebonyea, au mtoto ameshindwa kunywa, hapo si pa kukaa na kikombe, ni pa kwenda hospitali usiku huo huo.

Katika heka heka zote hizo kulikuwa na mtu mmoja ambaye hakusema neno. Ami alistaafu reli. Alikaa kwenye kiti chake cha kamba pembeni ya ukumbi, hakutapika, hakuharisha, hakupanga foleni. Kiporo alikikataa asubuhi, akanywa maziwa, kama anywavyo siku zote "kwa ajili ya gesi". Tulimwona ndiye mzima kuliko wote. Fundi cherehani alimtolea mfano.

Jioni, mjukuu wake wa darasa la pili akatoka chooni mbio. Bomba halikuwa na maji, kwa hiyo kila mtu aliacha alichoacha.

"Babu ananyea lami!" alipiga kelele. "Nyeusi tii!"

Watu wakacheka, hata wenye mabeseni. Daktari hakucheka. Alisimama, akamtazama baba yake, na baba yake akatazama ukuta.

Hapa ndipo elimu yake yote ilipokwama. Binti hamuulizi baba yake habari za choo. Mgonjwa wa Muheza angemuuliza bila kupepesa; huyu ndiye aliyemfundisha kuinamisha macho. Ami naye angeweza kufa kwa heshima kabla ya kujibu. Mwisho Daktari alisimama ukumbini, akamweka fundi cherehani kwenye mlango wa chumba cha Ami, na mazungumzo yakapitia kwake, ingawa wote wawili walikuwa wanasikiana vizuri kabisa.

"Fundi, muulize Baba, kinanata?"

"Mzee, anauliza kinanata?"

"Mwambie kinanata."

"Muulize, kina harufu isiyo ya kawaida?"

Fundi, ambaye tumbo lake mwenyewe halijatulia, alifumba macho kabla ya kufikisha swali hilo. Jibu lilikuwa ndiyo. Anatumia vidonge vya kuongeza damu? Hapana. Vidonge hivyo hutia choo weusi, lakini si wa kunata. Maumivu? Yapo, chini ya kifua, usiku wa manane. Akila kidogo yanatulia. Tangu lini? Tangu masika. Na mgongo, anaumezea nini? Fundi akarudi na kipande cha diklofenaki. Asubuhi na jioni, mara nyingi kabla ya kula, bila cheti cha mtu yeyote.

Damu ikivuja juu tumboni husagwa na asidi njiani, ikifika chini ni nyeusi kama ile lami aliyoisema mtoto. Mililita 50 hadi 100 zatosha kuleta weusi huo. Diklofenaki na jamaa zake hutuliza mgongo kwa kuzuia kemikali fulani mwilini, na kemikali hizo hizo ndizo zinazouwezesha ukuta wa tumbo kutoa ute wa kujikinga na asidi. Na maziwa? Hupoza kwa muda, kisha huliamsha tumbo litoe asidi zaidi. Ami alikuwa akiujeruhi ukuta kwa mkono mmoja na kuubembeleza kwa mwingine. Daktari akasahau ukumbi, akaingia, akamfunua baba yake kope la chini. Lilikuwa jeupe. Akamsimamisha; Ami akayumba. Bajaji ikaitwa.

Hospitali walimwongeza damu, wakamtundikia dripu na omeprazo, na kesho yake wakapitisha kamera. Kidonda kilikuwa mwanzoni mwa utumbo mwembamba, damu ilikuwa imesimama yenyewe. Kipande kilichochukuliwa kikaonyesha bakteria Helicobacter pylori.

Shangazi alishangaa. Kwa maisha yake yote vidonda vya tumbo vilitokana na mawazo, pilipili na kushinda njaa, na Ami, tangu afiwe na mkewe, mawazo hakuyakosa. Nasi sote tulikuwa tunasema hivyo. Madaktari wa dunia nzima walisema hivyo mpaka miaka ya 1980. Kwenye benchi la wodi Daktari akamsimulia jinsi walivyobadilishwa. Huko Perth, Australia, Robin Warren aliona bakteria waliopinda kwenye vipande vya tumbo, na kijana Barry Marshall akajaribu kuwaotesha. Kila mara vyombo vilitupwa baada ya siku mbili, havina kitu. Pasaka ya mwaka 1982 maabara ilielemewa, vyombo vikasahauliwa sikukuu nzima, na waliporudi bakteria walikuwa wameota.

"Kumbe hata wao walilaza kiporo," alisema Bibi, ambaye tulidhani amesinzia.

Mwaka 1984, kwa kuwa bado watu hawakuamini, Marshall alikunywa kikombe cha bakteria wale. Baada ya siku chache akaanza kutapika, na kamera ikaonyesha tumbo lake limevimba. Mkewe alikuja kuambiwa baadaye. Shangazi alikitafakari kisa hicho na kusema angekuwa yeye, bakteria asingepata nafasi ya kumuua yule bwana. Nobeli walipewa wote wawili mwaka 2005.

Watu kama nusu ya dunia wanaye mdudu huyo, wengi walimpata utotoni, na walio wengi hawapati kidonda kamwe. Ila akikutana na diklofenaki ya miezi, ukuta hauna wa kuutetea. Ami alipewa omeprazo, amoksilini na klarithromisini, siku 14 bila kuruka. Alilalamika kwamba kila kitu kina ladha ya sarafu. Diklofenaki ikaondoka nyumbani pamoja na mkebe wa biskuti, ambao Daktari aliubeba Muheza, na mgongo ukapelekwa kwa mtu wa mazoezi ya viungo.

Zilipopita wiki zaidi ya nne, omeprazo imesimamishwa kabla kwa wiki mbili, ikabidi apimwe tena, na si kwa damu. Kipimo cha damu huendelea kusema ndiyo hata mdudu akishakufa. Kinachotakiwa ni kinyesi, katika kikopo. Mtu ambaye juzi alizungumza na binti yake kupitia kwa fundi cherehani alikibeba kikopo chake mwenyewe hadi maabara, akakikabidhi dirishani kwa sauti na kuuliza majibu ni lini. Yalirudi safi.

Tangu hapo Ami hashikiki. Kwenye baraza la kahawa jioni humkatiza mtu katikati ya habari za mpira amuulize anaumezea nini mgongo, anakunywa maziwa kwa ajili ya nini, anatapika kitu mfano wa machicha ya kahawa au hatapiki, na choo chake, tukisema ukweli, kina rangi gani. Wawili amekwisha kuwapeleka zahanati kwa bajaji. Muuza kahawa amemsihi angalau angoje wateja walipe kwanza. Ami akamtazama kwa makini, akamvuta kope la chini kwa kidole gumba, na kumuuliza na yeye lini mara ya mwisho alikitazama chake.